Kanzu ya Yusuf na Tokeni Zangu za Stima

Mpangaji wangu wa chini alihamia mwezi wa mfunguo nne. Wiki ile ile tokeni zangu za stima zikaanza kuisha mapema. Kabla yake nyumba yetu ya juu ilikuwa ikila uniti 4 kwa siku, kidogo zaidi tukipiga pasi nguo za Ijumaa. Alipoingia yeye zikawa 6, siku nyengine 6 na nusu. Mtu mzima mwenye akili zake angefikiri nini? Nilifikiri lile lile unalolifikiri wewe sasa hivi.

Na ushahidi haukunipa tabu kuupata. Jamaa ana friza kubwa la kuuzia barafu na juisi ya ukwaju, na friza, kila mtu ajua, hula stima. Ana mita yake mwenyewe, lakini nilimsikia siku moja akimwambia mtu kwenye simu kuwa tokeni za mia mbili zamtosha siku nyingi. Nikaona waya mweusi umetoka dirishani kwake ukapanda ukutani hadi juu. Nikigonga mlango wake, hufungua nusu. Kila siku nilipata kitu kipya cha kuongeza, na kila kitu kilimwelekea yeye. Ulipofika wakati wa Maulidi akaenda Lamu wiki nzima, nikasema sasa tutaona. Mita ikaendelea kwenda mbio vilevile. Hapo ndipo ningelipaswa kusimama nifikiri. Badala yake nilijijibu haraka: friza ameliacha likiwaka.

Nikaacha kumsalimia ila kwa kulazimika. Nikamtaja barazani, si kwa jina, lakini mtaa wetu haukosi watu wa kumalizia sentensi.

Fundi wa stima nilimwita anisaidie kumshika mwizi. Ni mtu wa makamo, hana haraka. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Sheikh, wiki aliyohamia huyu bwana, kitu gani chengine kilibadilika hapa nyumbani?" Nikamwambia hakuna. Mke wangu akajibu kutoka jikoni: "Choo." Ni kweli. Wiki ile tulitia choo kipya cha kukaa, chenye tangi lake la maji nyuma.

Maji yetu ni ya kisima. Pampu huyapandisha kwenye tangi la juu ya paa, na hujiwasha yenyewe tangi likipungua. Kwa hivyo tulikuwa na visa viwili vilivyoanza wiki moja, na vyote viwili vyaweza kula stima. Fundi akanipa kazi ya usiku mmoja: nisome mita nikienda kulala, nizime pampu, nisimwambie mtu yeyote, hata watoto, kisha nisome tena alfajiri. Kama mwizi yuko chini, kuzima pampu yangu hakumzuii kitu, na friza lake litakula usiku kucha. Kama ni pampu, mita itatulia.

Usiku wa kabla yake, kuanzia saa nne hadi alfajiri, zilikwenda uniti 2 na kitu. Usiku ule haikufika hata 1. Halafu mke wangu akafungua bomba atie udhu, maji yakatoka kidogo yakakatika. Tangi zima lilikuwa limeondoka usiku na hakuna aliyetumia maji. Fundi aliporudi akaomba rangi ya biriani, akaitia ndani ya tangi la choo, tukakaa tukanywa kahawa. Nusu saa baadaye, bila ya mtu kuvuta maji, bakuli la choo lilikuwa manjano kama wali wa arusi. Mpira wa ndani ulikuwa haukai sawasawa. Maji yalikuwa yakipita polepole mchana na usiku, tangi la juu likishuka, pampu ikipanda, nasi tumelala chini ya pangaboi hatusikii lolote. Mpira ule ni shilingi 150.

Na ule waya mweusi? Wa antena ya televisheni. Zile tokeni za mia mbili, mpaka leo sijui alikuwa akizungumzia nyumba gani.

Nimekaa na jambo hili muda mrefu kwa sababu sikuwa mjinga wala sikusema uongo. Kila nilichokiona kilikuwapo. Friza lilikuwapo, waya ulikuwapo, mita ilikuwa ikienda mbio kweli. Kosa langu ni kwamba kila nilipopata kitu niliuliza swali moja tu: je, hiki chaafikiana na wizi? Na jibu lilikuwa ndiyo kila mara. Sikuuliza: je, hiki kingelikuwapo hata kama huyu bwana si mwizi? Friza la muuza barafu lingelikuwapo. Mlango wa mtu mwenye mke na binti ndani ungelifunguliwa nusu. Vitu kumi vinavyoafikiana na maelezo mawili havikusaidii kuchagua mojawapo, hata uvirundike mpaka dari. Kitu kimoja tu kinachoafikiana na moja na kukataa jengine, kama ile mita ya usiku mmoja, chatosha kumaliza kesi.

Njia hii tunayo kwetu tangu utotoni, tumeisoma chuoni tukaipita mbio. Katika Surat Yusuf, aya ya 25 hadi 28, Nabii Yusuf na mke wa yule mkubwa wa Misri wanakimbilia mlango, kanzu inachanika, na mlangoni wanamkuta mume. Mke anasema kijana huyu alinitaka ubaya. Yusuf anasema ni yeye aliyenitaka. Tazama hali ilivyo: neno la bibi wa nyumba na neno la mtumwa. Wote wawili walikuwa chumbani, wote wametoka wakikimbia, kanzu imechanika. Mtu angetaka kumtia Yusuf hatiani angelisema kanzu iliyochanika ni ushahidi tosha kuwa palikuwa na vurugu. Lakini vurugu ingekuwapo katika visa vyote viwili. Shahidi mmoja katika watu wa yule bibi akauliza swali ambalo lawatenganisha: imechanika wapi? Ikiwa mbele, mwanamke amesema kweli, kwani alikuwa akimsukuma. Ikiwa nyuma, Yusuf ndiye mkweli, kwani alikuwa akikimbia naye akivutwa. Wakaitazama. Ilikuwa nyuma.

Kinachonivutia ni kuwa yule shahidi alitaja matokeo yote mawili kabla ya kanzu kutazamwa, na kila moja akalipa maana yake mapema. Ukishaiona kanzu kwanza, ulimi una njia nyingi za kuigeuza. Mimi nilipoona mita inakwenda mbio na mpangaji yuko Lamu, sikuwa nimesema mapema kwamba ikienda mbio maana yake si yeye. Basi nikapata nafasi ya kuleta friza.

Na ndani ya sura hiyo hiyo kuna kanzu nyengine, ile ya mwanzo, waliyoileta nduguze Yusuf kwa baba yao ikiwa na damu ya uongo. Wao walitafuta ushahidi wa kuunga mkono kisa kimoja, nao ukapatikana, damu ikaonekana kwa macho. Wafasiri wameeleza kuwa Nabii Yaakub aliitazama kanzu ile akaona haina hata tundu, akashangaa mbwa mwitu gani huyo mpole, anayemla mtoto na asichane nguo yake. Damu inaafikiana na mbwa mwitu, na pia inaafikiana na kondoo aliyechinjwa. Kanzu nzima isiyo na tundu yaafikiana na kimoja tu.

Wataalamu wa elimu ya nafsi nao wameipima tabia hii. Mwaka 1960 Mwingereza Peter Wason alitoa matokeo ya jaribio jepesi mno. Unapewa nambari tatu, 2, 4, 6, unaambiwa zinafuata kanuni fulani, uitambue. Unaruhusiwa kutaja nambari zako tatu tatu, naye atakujibu kama zimefuata kanuni au la, mpaka uwe na hakika. Jaribu nyumbani na watoto. Wengi hudhani kanuni ni kuongeza mbili, basi hutaja 8, 10, 12. Ndiyo. Hutaja 20, 22, 24. Ndiyo. Hutaja 100, 102, 104. Ndiyo. Wakasema kwa kujiamini: ni kuongeza mbili. Sivyo. Kanuni ilikuwa nambari zozote zinazopanda, hata 1, 7, 90. Katika watu 29 wa jaribio lake, 6 tu ndio waliotoa jibu sahihi mara ya kwanza. Wengine walitaja mifano ya kuwathibitishia, na ikathibitisha kweli, kwa sababu kanuni pana huikubali pia mifano ya kanuni nyembamba. Aliyethubutu kutaja 3, 4, 5, akitarajia kukataliwa, ndiye aliyejifunza kitu.

Hayo ni ya nambari. Ya Lamu yaligusa miili ya watu.

Mwaka 2004 homa iliingia kisiwani Lamu, ikafika kilele mwezi wa Julai. Mtu alipanda joto ghafla, viungo vikashikwa, vifundo vya mikono na miguu vikauma hata asiweze kushika kikombe. Homa ikiingia pwani, jina la kwanza midomoni ni malaria, na si ujinga, kwani malaria tunayo. Sasa fikiria mtu amemeza dawa ya malaria, na baada ya siku kadhaa homa imeshuka. Atakuambia: si waona, ilikuwa malaria. Lakini homa ya chikungunya nayo hushuka yenyewe baada ya siku chache, umeze dawa usimeze, ikakuachia maumivu ya viungo kwa wiki au miezi. Kushuka kwa homa hakutenganishi. Kinachotenganisha ni damu chini ya darubini, na kipimo cha maabara cha kutafuta kirusi chenyewe. Maabara ilipopima, ikapatikana chikungunya, ugonjwa ambao ulitambuliwa mara ya kwanza mwaka 1952 kusini mwa Tanganyika, na jina lake ni la Kimakonde, lenye maana ya kujikunja kwa mgonjwa. Oktoba mwaka huo watafiti walipima damu za wakazi wa Lamu na kukuta watatu katika kila wanne wameshaupata. Kwa hesabu yao ni watu kama 13,500 kisiwani.

Kisha likaja swali la pili, nalo ndilo lililonifanya niikumbuke Lamu katika habari hii. Kwa nini mwaka ule? Chikungunya huenezwa na mbu, na mbu, sote twajua, huja na mvua. Ungelimwuliza mtu yeyote barazani angelikuambia mvua zilizidi. Hebu tufanye kama yule shahidi wa Yusuf, tuseme kabla ya kutazama. Ikiwa ni mvua, daftari za hali ya hewa zitaonyesha miezi ya kabla ya mlipuko ilikuwa na maji mengi kuliko kawaida. Ikiwa si mvua, zitaonyesha kawaida, au kinyume chake.

Zilionyesha kinyume chake. Watafiti waliotazama rekodi za mvua na joto za pwani walikuta kuwa mlipuko ulitanguliwa na ukavu na joto lisilo la msimu, hasa mwezi wa Mei 2004. Maelezo ya mvua, ambayo sote tungeliyaapia, yakaanguka hapo.

Yaliyobaki yana mantiki ukiijua nyumba ya Lamu. Mbu wa ugonjwa huu si yule wa malaria wa madimbwini. Ni yule mweusi mwenye madoa meupe miguuni, anayeuma mchana, anayependa kutaga kwenye maji yaliyowekwa ndani na kando ya nyumba. Maji matamu yanapokuwa shida, watu huweka akiba zaidi: mapipa, ndoo, mitungi, na huyaweka muda mrefu bila ya kuyamwaga na kuosha chombo, kwani nani humwaga maji wakati wa kiangazi? Ukame ukamjengea mbu nyumba ndani ya nyumba zetu. Wazee walikuwa na hekima ya kutia visamaki ndani ya birika vile viluwiluwi. Pipa la plastiki halina visamaki.

Ukame peke yake nao hautoshi kuwa maelezo, nisije nikaangukia shimo lile lile. Kiangazi tumekiona mara nyingi bila ya chikungunya. Lazima kirusi kiingie, na kiwakute watu ambao miili yao haijawahi kukijua. Lakini ona tofauti ya kazi: anayeamini mvua atafukia madimbwi ya njiani na kusubiri msimu wa masika ndipo atahadhari. Anayejua ni maji ya akiba atafunika mapipa wakati jua linawaka. Mwisho wa mwaka ule ugonjwa ulikuwa umefika Mombasa, mwaka uliofuata Ngazija, na baadaye visiwa vyengine vya Bahari ya Hindi.

Nije kwenye jambo zito zaidi, nalo watu hawapendi nilitaje. Huku Kilifi wazee wetu wanauawa kwa kuitwa wachawi. Si siri, na si jambo la mwaka mmoja. Kuna kituo cha Kaya Godoma, Ganze, ambacho kazi yake ni kuwahifadhi wazee waliokimbia watoto na wapwa zao wenyewe. Mtu mwenye mvi anahitaji kimbilio kwa sababu ya mvi zake.

Msomaji mwenzangu Mwislamu ataniambia: kwani wakataa sihiri, nayo imetajwa katika Qur'ani? Sikatai. Lakini kuamini kuwa sihiri ipo ulimwenguni ni jambo moja, na kusema mzee huyu ndiye aliyemuua mtoto huyu ni jambo jengine kabisa, na la pili halithibitishwi na la kwanza. Wezi wa stima wapo pia. Mpangaji wangu hakuwa mmoja wao.

Chukua mtoto aliyekufa kwa homa ya ghafla. Ushahidi wa uchawi hukusanywa vipi? Mzee alimtazama sana. Mzee aligombana na babake mwaka jana. Mzee huonekana nje usiku. Kila kimoja, kiulize lile swali: kingelikuwapo hata kama hakuna uchawi? Mzee wa miaka 80 huamka usiku kwenda msalani. Katika boma lolote kuna aliyegombana na mwenziwe. Halafu wanakwenda kwa mganga kupata hakika. Mimi swali langu kwa mganga ni moja: katika watu wote waliokuja kwako, ni wangapi umewaambia "huyu hakurogwa, mpelekeni hospitali"? Kipimo ambacho hakijawahi kusema hapana hakipimi kitu.

Sasa weka maelezo mawili pamoja. La kwanza, wazee hawa ni wachawi. La pili, kuna mtu anayetaka kitu alicho nacho mzee. Yanatabiri mambo tofauti. Kama ni uchawi, sioni sababu ya tuhuma kumwandama mwenye shamba kuliko asiye nalo, wala kutoka kwa warithi kuliko majirani. Kama ni mali, twatarajia mzee mwenye ardhi, na mshtaki wa damu yake, na mazungumzo ya kugawa au kuuza yaliyotangulia. Viongozi wa serikali na watetezi wa haki wamesema kwa miaka kwamba nyuma ya tuhuma nyingi kuna ugomvi wa shamba la urithi. Usiwaamini kwa neno lao. Safari ijayo ukisikia kisa karibu na kwenu, uliza maswali mawili kabla ya kuuliza la uchawi: shamba lina jina la nani, na nani wa kwanza kulitamka neno lile. Na umwulize daktari mtoto alikufa na nini.

Kuna watakaosema njia hii inachosha, kwamba mtu hawezi kupima kila kitu. Ni kweli, na sipimi kila kitu. Nikikosa kiatu kimoja msikitini sifanyi uchunguzi. Mimi hupima kulingana na kitakachovunjika nikikosea. Usiku mmoja wa kuzima pampu ungeliokoa miezi kadhaa ya heshima ya mtu, na aya ya 12 ya Surat Hujurat, inayotuonya juu ya dhana, ilikuwa imenisubiri siku zote hizo nami naipita nikisoma.

Nilimwendea mpangaji wangu baada ya Isha, na sinia la halua na kahawa tungu, nikamweleza yote. Hata la barazani. Alinisikiliza akitazama chini. Kisha akacheka, akasema: "Ustadh, mimi nilidhani wanichukia kwa sababu kodi ya mwezi wa kwanza nilichelewa siku tatu. Kila ukipita bila ya kunitazama, nikawa namwambia mke wangu, si waona, ni ile kodi." Siku zile tatu mimi sikuwa hata nimezihesabu.